Kipimo cha Seremala

Daktari wa mifugo alidondosha tone la mkojo kwenye kioo cha kifaa kidogo mfano wa darubini, akakielekeza dirishani na kuchungulia. Alikifuta, akachungulia tena, na seremala hakupenda. Mezani, Doa, mbwa jike mzee mwenye baka jeusi jichoni, alikuwa akilamba bati la meza palipobaki unyevu.

"Maji anapata ya kutosha, baba?"

"Yapo muda wote," seremala alijibu, na mkewe, aliyeliamini neno lake kwa miaka thelathini na sita bila kulihoji, akaitikia kwa kichwa.

Kumbe wiki tatu nzima, kila asubuhi mkewe akishakwenda kazini, seremala alikuwa akilipandisha bakuli la maji juu ya kabati, na kulishusha jioni kabla mke hajarejea. Sakafu ya sebuleni aliitandika kwa mikono yake, ubao kwa ubao, na Doa, mwenye adabu kuliko wageni wengi, alikuwa ameanza kuikojolea. Seremala akajiambia kuwa mtungi mtupu hauvuji. Siku moja alimkuta analamba sakafu ya bafu, akacheka. Kicheko kile sasa kilimrudia.

Daktari akawaeleza kuwa uchafu katika damu umepanda kidogo, lakini damu peke yake haikutosha kumwonyesha ugonjwa. Figo yenye afya huukoleza mkojo. Wa Doa ulikuwa mwepesi, karibu na maji. Hata hivyo, mbwa anayekunywa atakavyo anaweza kukojoa vivyo hivyo.

"Ningemnyima maji, nione kama mkojo utakolea," alisema. "Ila kwa hali yake sithubutu. Anaweza kufa."

Seremala angeweza kunyamaza. Siri ilikuwa kati yake na kabati. Akautazama mkono wa mkewe, uliokuwa ukimpapasa Doa shingoni taratibu.

"Kipimo hicho kimeshafanyika," alisema, akiiambia sakafu.

"Kimefanywa na nani?" daktari aliuliza.

"Na mimi. Wiki tatu. Kutwa. Alikuwa akikojolea sakafu."

"Hata leo?"

"Hata leo."

Mkono wa mkewe ukasimama. Daktari, binti wa umri wa mwanawe wa mwisho, hakumkaripia. Aliandika tu, na kalamu ile ikamchoma kuliko matusi.

"Basi nimejua," alisema hatimaye. "Amenyimwa maji, na bado mkojo ni mwepesi. Figo zimechoka, baba. Hakuwa akifanya kiburi. Maji yalikuwa yanampita tu, na kule kunywa ndiko kulikomweka hai."

Akaongeza kuwa wangemtilia maji mshipani kwa siku mbili tatu, polepole. Huenda akapata miezi kadhaa. Huenda. Mke akajaribu kuufunga mkoba wake, ingawa haukuwa wazi.

Daktari akaomba mtu wa kuushika mguu wakati wa kuingiza sindano. Mke hakusogea. Seremala akasogea. Alitamani Doa amng'ate, amng'ate hasa, mpaka damu itoke mbele ya watu. Lakini Doa alimnusa kiganja, akakilaza kidevu chake kikavu juu ya mkono uleule uliokuwa ukipandisha bakuli, na kufumba macho.