Mzee Eliapenda Bado Hajathibitishwa

Niliota usiku wa kuamkia leo. Ndoto yenyewe ilianzia wodini kwetu, asubuhi, saa ya kugawa uji, na mwanzoni haikuwa na jambo lolote la ajabu. Mimi ni muuguzi mkunga katika kituo cha afya huku milimani Upareni. Uji wa wodini naufahamu.

Nilisukuma toroli hadi kitanda cha dirishani, anapolala Mzee Eliapenda. Huyu ni mgonjwa wetu hata nikiwa macho. Moyo wake umechoka na dawa zimefika mwisho wa kazi yake. Wanawe wameelezwa, mkewe ameelezwa, na yeye mwenyewe alipoelezwa alisema sawa, akaomba dirisha lifunguliwe.

Ndotoni nikamkuta amekufa.

"Sista Nakijwa," akaniambia, "nimekufa tangu jogoo alipowika. Mbona hamji?"

"Tusamehe, mzee. Kulikuwa na mama anajifungua kule wodi ya wazazi."

"Amejifungua salama?"

"Salama. Mtoto wa kiume."

"Hongereni. Basi nithibitishe, niende."

Nikamweleza kwa upole kwamba kuthibitisha kifo ni kazi ya daktari, na daktari alikuwa amekwenda kwenye kikao wilayani. Kwa taratibu zetu, mtu ambaye hajathibitishwa hajafa. Ni mgonjwa kama wagonjwa wengine. Nikampa uji wake. Akaunywa, kwa sababu alikuwa mgonjwa, lakini uji haukupungua kikombeni, kwa sababu alikuwa amekufa.

"Una sukari kidogo," akasema.

Mkewe, Mama Sifueli, alikuwa amekaa kwenye benchi, kanga imefungwa kiunoni. Nyuma yake wamesimama wanawake wa mtaani kwao, midomo wazi, pumzi wamezivuta tayari kwa kilio. Wamekaa hivyo muda mrefu. Mmoja wao, bila kufunga mdomo, ananiuliza:

"Sista, tulie au tusilie?"

"Bado."

"Tunaweza kunywa maji?"

"Kunyweni tu."

Wanafunga midomo, wanakunywa maji, wanaifungua tena.

Nikampigia daktari simu. Akapokea upesi sana.

"Niko njiani," akasema.

Sauti yake haikutoka kwenye simu. Ilitoka nje. Nikachungulia dirishani, na kweli, alikuwa njiani. Anatembea kwa haraka, koti jeupe linapepea, mkoba kwapani, na barabara inarudi nyuma chini ya viatu vyake kwa mwendo uleule wa miguu yake. Alikuwa karibu kiasi kwamba ningeweza kumshika bega.

"Daktari, mbona hufiki?"

"Nimekwambia niko njiani," akajibu, anahema. "Sijakwambia nafika. Mzee anaendeleaje?"

"Amekufa."

"Usiseme hivyo, Nakijwa. Mimi sijafika."

Nikafunga dirisha. Mzee Eliapenda akaomba nilifungue, nikalifungua.

Ndipo kabati la dawa likakohoa. Ni kabati la chuma, la siku nyingi, na lilikuwa na sauti ya mtu aliyewahi kuwa matroni.

"Nakijwa," likasema, "si mlifundishwa wauguzi na wakunga namna ya kuthibitisha kifo kinachotarajiwa, daktari asipokuwepo?"

"Tulifundishwa."

"Ulihudhuria semina?"

"Nilihudhuria."

"Ulikula pilau la semina?"

Nikajidai napanga vikombe vya uji.

"Nimekuuliza, ulikula?"

"Nilikula."

"Uliongeza?"

"Niliongeza."

"Basi thibitisha," kabati likasema, likajifunga.

Nikatoa tochi mfukoni. Nikaiwasha, nikaizima, nikaiwasha tena, na tochi ikatambua.

"Unaogopa nini?" ikaniuliza.

"Nikisema amekufa kumbe hajafa?"

"Utasema tochi ndiyo iliyokosea. Mimi ni ya plastiki, sina familia. Anza na macho."

Nikamwinua Mzee Eliapenda kope ya jicho la kulia, nikamulika. Mboni haikusinyaa. Tochi ikatazama ndani kwa makini, kama mtu anayechungulia dukani. "Hapa hakuna mtu," ikasema. Nikahamia jicho la kushoto, nikamulika, na tukawa shambani kwake.

Ni shamba la tangawizi, kwenye mteremko, na ukungu ndiyo kwanza unaondoka. Mgonjwa haruhusiwi kuondoka kitandani, kwa hiyo kitanda kimekuja naye. Kinatembea katikati ya matuta, taratibu, kinainua miguu yake ya chuma kisikanyage miche. Mama Sifueli anafuata. Wanawake wanafuata nao, wamebeba benchi, midomo wazi. Inzi mmoja ameingia mdomoni mwa wa mwisho, naye hawezi kumtema kwa sababu pumzi itamtoka.

"Lile tuta la chini lina ugonjwa," mzee anamwonyesha mkewe. "Mwambie Sifueli asichukue mbegu hapo."

"Utamwambia mwenyewe," mkewe anasema.

"Mama Sifueli, mimi nimekufa."

"Nani amesema?"

Mzee akanigeukia. Mimi nikajifanya nahangaika na stetoskopu, kile kifaa cha kusikilizia moyo, ambacho kilikuwa kimejizungusha shingoni mwangu na hakikutaka kutoka.

"Sipendi kazi hii," kikaninong'oneza. "Tangu ninunuliwe, mimi nimezoea kusikia kitu. Leo unataka nisikie hakuna kitu."

"Ni kazi ileile."

"Siyo ileile. Lakini haya, niweke."

Nikamshika Mzee Eliapenda shingoni, hapakuwa na mapigo. Nikakiweka kifuani kwake, nikafumba macho, nikasikiliza. Ilinibidi nisikilize mpaka nihakikishe pako kimya. Hapakuwa kimya hata kidogo. Mle kifuani kulikuwa na mvua inanyesha juu ya bati. Kulikuwa na kwaya inafanya mazoezi, na watu wa besi wamechelewa kuingia. Kulikuwa na punda analia.

"Mzee, kuna punda humu."

"Anaitwa Hodari. Alikufa zamani, Sifueli akiwa darasa la pili."

"Mbona analia?"

"Hakuthibitishwa," mzee akasema, na nikaona jibu hilo linatosha.

Nikaendelea kusikiliza. Mvua ikapungua, ikawa matone, matone yakakoma. Kwaya ikafika mwisho wa wimbo, mtu akafunga kinanda, viti vikasogezwa, watu wakaagana. Punda akatulia. Nikadhani nimemaliza. Nikafumbua macho kidogo, ndipo nikasikia sauti ya mwanamke, kwa mbali, lakini wazi kabisa:

"Baba Sifueli! Maji ya kuoga yanapoa!"

Nikasubiri ikome. Haikukoma.

"Baba Sifueli! Wewe! Maji!"

Nikageuka kumtazama Mama Sifueli, nikakuta hatuko shambani tena. Tuko jikoni kwake. Kitanda kimejibana kati ya kuni na mtungi. Chungu cha makande kinachemka jikoni, na yeye anakoroga, amemkabili mumewe, na anaita kwa sauti ileile ninayoisikia kifuani. Sauti inaingia masikioni mwangu mara mbili.

"Mama," nikasema, "samahani. Bado nakusikia humu."

"Wapi?"

"Kifuani kwake."

"Vizuri. Basi yupo."

"Ni sauti yako, mama. Yeye haitiki."

"Huyu?" akacheka kidogo. "Huyu hajawahi kuitika mara ya kwanza tangu anioe. Mimi naita mpaka aje. Baba Sifueli!"

Na kweli, Mzee Eliapenda akajiinua kwa kiwiko. Alikuwa mzito, na alijiinua kwa shida, kama mtu anayeamshwa safarini. Mkewe akanyamaza kupuliza moto. Mzee akajilaza. Akaitwa, akajiinua tena. Nikaona shati la wodini limelowa mgongoni.

"Sista," akaniambia taratibu, ili mkewe asisikie, "mwambie nimechoka. Akiniita siwezi kubaki nimelala. Nikiinuka sijafa. Nikilala ananiita. Nimefanya hivi tangu jogoo alipowika."

Nikamsogelea Mama Sifueli. Moshi ulikuwa unaniingia machoni. Nikamwambia tuketi, akakataa, kwa hiyo nikabaki nimesimama naye.

"Mama, mzee amefariki."

"Daktari amesema?"

"Daktari yuko njiani."

Sote tukatazama nje. Daktari alikuwa anapita nyuma ya jiko, anatembea kwa bidii. Akatupungia mkono.

"Basi nani amesema?"

Nikatazama tochi, ikajizima. Stetoskopu ikaning'inia kama kamba. Kabati tulikuwa tumeliacha wodini. Wanawake walinitazama kwa midomo yao wazi, na yule mwenye inzi alikuwa anatokwa na machozi, sijui ya msiba au ya inzi.

"Mimi," nikasema. "Mimi Nakijwa. Nimemwangalia macho, nimemsikiliza, nimemshika shingoni. Amefariki, mama. Pole sana."

Mama Sifueli akaacha kukoroga.

"Si wewe uliyempokea mjukuu wetu?"

"Ni mimi."

"Ulitoka mlangoni na mikono imelowa, ukatuambia amezaliwa mtoto wa kike."

"Ndiyo, mama."

"Na kweli akawa wa kike."

"Ndiyo."

"Daktari alikuwepo siku ile?"

"Hakuwepo."

"Na sisi tulikuamini," akasema. "Tukaanza kupiga vigelegele palepale."

Akaipua chungu, akakiweka chini. Akajifuta mikono kwenye kanga, akaenda mpaka kitandani, akainama. Akafungua mdomo kumwita. Nikaona jina limefika kwenye meno. Akautazama uso wa mumewe, akaufunga mdomo, akalimeza lile jina kama mtu anayemeza kidonge bila maji.

Nikarudisha stetoskopu kifuani, nikasikiliza. Nikasikiliza kwa muda wote unaotakiwa, kisha nikaongeza.

"Hakuna kitu," stetoskopu ikasema. Ilikuwa inalia.

Hapo wanawake wakalia. Pumzi yote waliyoibana tangu asubuhi ilitoka kwa mkupuo, na kilio kilikuwa kikubwa kiasi kwamba kiling'oa bati moja la jiko, kikamzoa daktari kutoka njiani na kumwingiza mlangoni, mkoba ungali kwapani.

"Nimefika!" akasema, anashangaa.

"Ameshathibitishwa," nikamwambia.

"Na nani?"

Wote wakaninyooshea kidole, hadi kitanda.

Daktari akamkagua mzee, naye kwa makini, hakuruka hatua. Alipomaliza akasema, "Nakubaliana na Sista." Akampa Mama Sifueli mkono wa pole. Mama Sifueli akampakulia makande, kwa kuwa alikuwa ametembea sana, naye akala amesimama.

Mzee Eliapenda alikuwa ananisubiri.

"Sasa naweza kulala?"

"Lala, mzee."

Nikamfumba macho. Kidevu kilikuwa kimeanguka, kwa hiyo nikachana kipande cha bendeji, nikakipitisha chini ya taya mpaka utosini, nikafunga fundo.

"Usikaze sana," akasema kwa taabu. "Kuna watu nina maongezi nao huko."

Nikalegeza kidogo.

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha, mume wangu yuko nje anakamua ng'ombe, mto wangu umelowa. Nikajiambia ni uchovu. Nikaoga, nikavaa sare, nikashuka kituoni.

Mbonea, muuguzi aliyekuwa zamu, alinipokea barazani. Mzee Eliapenda alikuwa amefariki alfajiri, akasema. Daktari hajarudi kutoka wilayani, kwa hiyo Mbonea mwenyewe alimkagua, akathibitisha, akamwambia Mama Sifueli. Ilikuwa mara yake ya kwanza. Aliyasema haya huku anashikashika vifungo vya koti.

"Mkewe amepokeaje?" nikamuuliza.

"Ameniuliza nina uhakika. Nikasema ninao. Basi, akakaa chini." Akanitazama. "Asante kwa kunisaidia kumfunga kidevu. Nilipotoka kumwita mama, nikarudi, nikakuta tayari."

"Mbonea, mimi ndiyo kwanza nafika."

"Utani huo," akasema.

Tukaingia wodini. Dirisha lilikuwa wazi. Mbonea akafunua shuka, nikaona bendeji, na fundo limelalia upande wa kulia. Kituo kizima, anayefunga kwa mkono wa kushoto ni mimi peke yangu.

Mbonea akainama, akapitisha kidole kati ya bendeji na shavu la mzee. Kikapita bila shida.

"Wewe huwa unakaza," akasema. "Hii mbona umeilegeza?"