Macho Makavu ya Vitalia

Cuthbert alipofariki, nduguze walimrudisha kwao Lituhi, wakamzika karibu na ziwa. Mkewe, Vitalia, akabaki juu milimani, Mbuji, na shamba la kahawa walilolipanda pamoja. Msimu ule kahawa iliiva ikapukutika chini. Yeye alijilaza tu ndani, usingizi haumjii, chakula hakionji. Kaka yake, Tarsisi, ndiye aliyempeleka hospitali Mbinga. Daktari akasema ni sonona, akampa vidonge vya kumeza kila jioni.

Vilimsaidia, hilo hakulikana kamwe. Alilala, akala, akashika tena kikapu cha kuchumia. Ila mdomo ulimkauka, na macho yakawa yanachoma kama yameingia mchanga. Akasema ni vumbi la kiangazi.

Mwaka ulipotimia akateremka Lituhi kwa misa ya kumbukumbu. Kaburini mama mkwe wake, Mama Getrude, aliangua kilio, wanawake wote wakamfuata. Vitalia alipiga magoti, akaushika udongo. Kifua kilimwuma kwa hamu ya yule mwanamume, sauti yake, hata kikohozi chake cha asubuhi. Macho hayakutoa tone.

"Mwanangu," mama mkwe akamnong'oneza, "ndiyo umeshamsahau?"

Swali hilo alipanda nalo hadi nyumbani. Alitaka kuvitupa vidonge chooni; Tarsisi akamsihi aulize kwanza.

"Daktari, nirudishie ugonjwa wangu," alisema alipofika Mbinga. "Angalau nilikuwa namlilia mume wangu."

Daktari alimmulika macho kwa tochi. "Dawa hii hukausha machozi kama inavyokausha mate. Pole, mama. Nilipaswa kukuuliza mapema. Lakini usiache ghafla; tutaipunguza taratibu, tukubadilishie nyingine." Akampa na matone ya kulainisha macho.

Zilipita wiki kadhaa. Asubuhi moja, akigeuza kahawa iliyoanikwa kichanjani, aliona wingu linakuja.

"Cuthbert, niletee turubai!"

Jina lilishatoka. Akasimama palepale, mashavu yakalowa.

Akampigia simu mama mkwe.

"Vitalia? Kuna nini?"

"Shikamoo mama. Nalia."

Upande wa pili akasikia pua ikivutwa.

"Lia, mwanangu. Na mimi nipo hapa."

Mvua ikaanza kudondoka juu ya kahawa. Vitalia hakukata simu.