Hodi ya Tatu

Mwalimu Rufus alihamia Mkomani, mtaani kwetu Lamu, mwezi wa Januari akitoka Kitale. Kwa sisi watu wa Amu, Kitale ni nti nyengine kabisa. Mgeni wa aina hiyo ana mawili: ajifunze adabu zetu, au ajifungie chumbani ale mkate na soda mpaka ahamishwe. Rufus alichagua kujifunza. Hilo ndilo lililomponza. Hilo, na mimi.

Nilikuwa likizoni kutoka shule ya bweni, mahali ambapo jina langu lilitajwa kila uji wa kiranja ulipotiwa chumvi.

"Mahir," aliniambia, "miezi miwili sasa watu hunisalimia wakapita. Hakuna anayenikaribisha. Nataka kuishi hapa, si kuhesabu siku. Nifundishe mila zenu."

Akafungua daftari la hesabu. Nilimfundisha kweli tupu: avue viatu mlangoni, apokee kwa mkono wa kulia, jirani akifiwa aende kumpa mkono wa pole. Kisha shetani, ambaye tunafahamiana, akanikonyeza.

"Na ukipiga hodi mara tatu usijibiwe, ingia. Kimya ndiyo karibu yetu."

Kila mtoto wa chuo cha Kurani anajua kwamba hodi ya tatu isipojibiwa, unarudi. Rufus aliandika pole pole, na chini yake, kwa uaminifu wa watu wa hesabu: *Chanzo: Mahir.*

Nilimkusudia Bi Saadiya, mwenye nyumba wake, anayelala baada ya alasiri na ndoo ya maji kando ya kummwagia atakayemwamsha. Siku ya pili nikakaa barazani na tende zangu, tayari kwa tamasha.

Rufus akatoka na kanzu mpya iliyomkomea magotini na kofia, mkononi kilo mbili za sukari. Akaupita mlango wa Bi Saadiya. Nikaendelea kucheka. Akaupita wa pili. Akasimama kwa Bi Nasreen, na tende ikanikwama.

Mume wa Bi Nasreen alikuwa amezikwa wiki mbili nyuma. Bi Nasreen alikuwa edani: miezi minne na siku kumi, asionwe na mwanamume asiye maharimu wake, yaani jamaa asiyeweza kumwoa. Kaka zake, Muhdhar na Yassir, walikuwa wakikaa naye. Muhdhar huchonga mawe kisiwani Manda, na mikono yake imefanana na kazi yake.

"Hodi!"

Kimya. Saa hiyo nyumba ile hulala. Ningeweza kupiga ukelele. Lakini ukelele ungetaka maelezo.

"Hodi!"

Nilifungua kinywa. Ikatoka kokwa.

"Hodi!"

Rufus akageuka, akaniona, akaniinulia kidole gumba kama mwanafunzi aliyepata jibu. Akavua viatu, akaingia.

Mwanamke akapiga yowe moja. Kisha mlango ukarudishwa kutoka ndani, taratibu. Utaratibu ule ndio ulionitisha.

Nilisogea.

"Hodi," nikasema. Kimya. Nikarudia mara ya pili, na ya tatu. Kwa mujibu wa dini, nilitakiwa kurudi nyumbani, na sijawahi kuipenda dini namna ile. Nikapiga hatua moja ya kurudi.

"Lakini nimepiga mara tatu!" Sauti ya Rufus, nyembamba. Kitu kikaanguka.

Nikausukuma mlango.

Sukari ilikuwa imemwagika sakafuni. Rufus alikuwa amepiga magoti juu yake, mkono wa Muhdhar begani mwake. Juu ghorofani mtu alikuwa akilia. Yassir alishika daftari.

"'Kimya ndiyo karibu yao,'" alisoma. "'Chanzo: Mahir.'"

Rufus aliniangalia bila hasira, kama anayerudia hesabu asiyojua amekosea wapi.

"Waambie, Mahir. Si ndivyo?"

"Sivyo, mwalimu. Nilikudanganya."

Muhdhar akamwachilia. "Inuka, mwalimu. Wewe umekosa kwa kufundishwa. Enda zako, na ukija tena tutakupokea barazani."

Rufus akaokota kofia yake. Alinipita, akachukua viatu vyake mlangoni.

"Na wewe, Mahir," Muhdhar aliuliza, kwa upole, "umepiga hodi mara ngapi?"

"Tatu."

"Nani alikujibu?"

Yassir aliufunga mlango nyuma ya mwalimu, akatia komeo.

"Karibu," alisema. "Kaa kitako."