Nafasi ya Sweta

Mama alikubali kwenda Makambako kwa sharti moja, na alilitoa akiwa amesimama mlangoni kwangu Mjimwema, kitenge kimefungwa juu ya koti, mkoba ameukumbatia kifuani. "Hivyo vifaa nitaviona kwa macho yangu. Nisiporidhika tunarudi, na habari ya ziwa inaishia hapo hapo."

"Sawa, Mama," akajibu mdogo wangu Aron.

Nilitamani kumfinya. Mtu mzima wa miaka ishirini na sita, amekaa miezi mitatu huko Ludewa mwambaoni akijifunza kuzamia kwa vifaa vya kuazima, cheti anacho, kikundi cha uokoaji cha Ziwa Nyasa kinamsubiri, halafu anaitikia sawa Mama kama mtoto wa kipaimara mbele ya mchungaji. Lakini nilijua sababu. Alishaapa kwamba bila ridhaa ya mama hatatia mguu majini tena, na Aron akishasema kasema. Kikundi kilikuwa na mitungi na mashine ya kuijaza hewa. Vingine vyote kila mzamiaji alitakiwa aje navyo. Vifaa vile vikikataliwa siku ile, Aron angerudi kijijini Yakobi kupanda viazi hadi uzeeni na asingelalamika hata mara moja. Hilo ndilo lililokuwa linaniuma.

Baba yetu, Nathanieli, alikuwa fundi seremala. Miaka tisa iliyopita, mwezi wa saba, aliitwa kwenda kuezeka kanisa dogo katika kijiji cha mwambaoni kisichofikika kwa gari. Boti waliyopanda ilipigwa na mawimbi ikapinduka, na ufukwe wanauona. Wenzake sita waliogelea wakatoka. Baba alizama. Hapakuwa na mtu hata mmoja anayeweza kwenda chini kumfuata, kwa hiyo watu walisimama mchangani siku mbili wakiyaangalia maji, na siku ya tatu akaibuka mwenyewe. Aliyeteremka ufukweni kumchukua ni Aron, akiwa na miaka kumi na saba, pamoja na baba mdogo Yosefu. Aliporudi hakutuambia aliona nini.

Mama hakulia mbele za watu. Alipokea wageni, aliimba na jumuiya, wiki ya pili akarudi shambani. Niliona ana moyo mkavu. Nilimkasirikia kwa hilo miaka yote tisa, naye nadhani alijua.

Duka lenyewe liko nyuma ya stendi ya Makambako, limejaa mabuti, kamba, pampu na miwani ya mafundi wa kuchomelea. Mwenye duka, Clemens, aliwahi kuwa mzamiaji bandarini Dar es Salaam kwa miaka mingi, masikio yakachoka, akarudi nyumbani kufanya biashara. Vifaa vya Aron alikuwa ameviagiza, vikaja kwa basi. Alikuwa amevipanga juu ya turubai, na pembeni kaweka ndoo kubwa ya maji.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, baba. Nionyeshe. Kimoja kimoja."

Clemens alianza na miwani ya kuzamia, ile inayofunika macho na pua pamoja. Alimwambia Aron aibandike usoni bila kuvuta mkanda, avute pumzi kwa pua, kisha aachie mikono. Ya kwanza ilidondoka. Ya pili ilikaa kidogo, ikadondoka. Ya tatu ilimganda usoni hata alipoinama.

"Hii ndiyo ya uso wako," Clemens akasema. "Ila sharubu hizo utanyoa. Maji yanapita hapo."

"Mungu ni mwema," nikasema. Sharubu zile zilikuwa zimenichosha. Mama hakucheka.

Mapezi ya miguuni hayakutupa shida. Kisha kikaja kifaa cha kupumulia, mipira miwili mirefu yenye vinywa vyake. Clemens alisema vitu vingine mtu anaweza kununua vilivyotumika, lakini hiki hapana, hiki kiwe kipya, na kila mwaka kipelekwe kwa fundi. Alikifunga kwenye mtungi wake wa majaribio. Aron alipotaka kukipokea, mama akatangulia mkono.

"Nianze mimi."

Akakiweka mdomoni, akafumba macho, akavuta. Kifaa kikakoroma. Akavuta tena, taratibu, kama mtu anayesikiliza kitu chumba cha pili. Alipokitoa alikifuta kwa ncha ya kitenge, akampa Aron.

"Kinatoa," akasema. Nikaanza kuwa na matumaini.

Tukafika kwenye suti ya mpira. Hapa inabidi niseme jambo kuhusu sisi watu wa Njombe. Sisi hatununui nguo ya saizi yetu. Koti tunachukua la mtu mnene kidogo, ili chini yake lipite sweta, na Juni ikifika yapite mawili. Kazi yangu ni kufuma masweta ya shule, na hakuna mzazi aliyewahi kuniambia nimbane mtoto wake. Hata mimi, Clemens alipomvalisha Aron suti ikamshika mwili mzima kama ganda la haragwe, nilijikuta nasema, "Hiyo ndogo. Tupe inayofuata."

"Iliyozidi saizi mbili," mama akasema. Akafungua mkoba, akatoa sweta la kijivu la shingo ndefu. Nililitambua mara moja. Aliniagiza nilifume wiki mbili nyuma, saizi ya Aron, nikadhani ni la shambani. "Pawe na nafasi ya hili. Maji yale ya chini yana baridi, nimeuliza."

Kumbe alikuwa ameuliza. Kumbe siku zote zile, nami namwona kama jiwe, alikuwa anajiandaa kumwachia mwanawe aende.

Clemens alilipokea sweta kwa mikono miwili, kwa adabu. "Mama, hili halivaliwi humu. Suti hii inaruhusu maji kidogo yaingie, yanakaa kati ya mpira na ngozi, mwili unayapasha joto. Ikiwa pana, maji yanaingia na kutoka, mtu anapoa. Na sweta la sufu..." Akasita. "Litamshika mikono."

"Litamshikaje?"

"Likilowa linaburuza, mama. Mtu hawezi kuinyanyua mikono vizuri. Na akitaka kutoka majini, hapo ndipo uzito unapokuja."

Mama akalitazama sweta, akaitazama ndoo. "Lichovye."

Clemens akanigeukia mimi. Nikaitikia kwa kichwa. Akalichovya, akalikandamiza mpaka mapovu yakaisha. Mama alikunja mikono ya koti, akalivuta kwa mkono mmoja. Halikutoka. Akaongeza wa pili, akalinyanyua, maji yakimwagika hadi kwenye viatu vyake. Alilishikilia hivyo hewani, akilipima.

"Hili ni sweta jepesi," akasema. "Koti je? Koti zito, lenye bitana?"

Akaliteremsha sweta, bado amelishika.

"Nilimnunulia mnadani, hapa hapa Makambako," akasema. Hakuwa anamwambia yeyote kati yetu. "Lilikuwa zuri, ila vifungo vimelegea. Nikavikata, nikavishona upya kwa uzi wa mara nne, nikavuta kila kimoja kuona kama kinatoka. Asubuhi nikamfunga mwenyewe mpaka shingoni. Nikamwambia, Baba Rebeka, usivue mpaka ufike, upepo wa ziwani ni mbaya. Wenzake wote walivua. Yeye hakuvua, kwa sababu nilimwambia."

"Mama," Aron akasema.

"Waliniletea koti kwenye mfuko. Lilikuwa limekatwa kwa kisu mgongoni. Vifungo vyote sita vimefungwa. Kimoja uzi wake ulikuwa umevutika." Akagusa kifungo cha koti lake. "Alijaribu kimoja."

"Najua, Mama. Nilikiona. Baba mdogo ndiye aliyekata. Vidole vyetu vilishindwa."

Basi hao wawili walikuwa wanajua kitu kimoja kwa miaka tisa, kila mmoja akimficha mwenzake, na mimi katikati, mwenye mdomo wangu, sikujua lolote. Nililichukua sweta mikononi mwa mama, nikalikamua nje ya mlango. Nilikaa huko muda mrefu kuliko sweta lilivyohitaji. Niliona aibu, na niseme wazi, nililia.

Niliporudi, Clemens alikuwa amebakiwa na kifaa kimoja, nikaona kabisa asivyotaka kukionyesha. Aron naye alikuwa anakificha nyuma ya mguu. Mama akakiona.

"Na huo mkanda?"

"Wa uzito," Clemens akasema.

"Hivyo vyuma?"

"Ni risasi, mama, kama ile ya kwenye betri za magari."

"Ya nini?"

Clemens hakuwa mtu wa kudanganya, na siku ile nilimchukia kwa hilo. "Ya kumshusha. Suti ya mpira inaelea. Bila uzito hawezi kwenda chini."

Mama akakaa kwenye kreti la soda. Nikajua yamekwisha. Hakuna mwanamke, aliyepitia aliyoyapitia, atakayetia mkono wake mfukoni kununua risasi ya kumzamisha mwanawe. Nikaanza kutafuta mkoba wangu.

Clemens hakubishana. Alijifunga mkanda ule kiunoni juu ya suruali, akasimama mbele ya mama, akashika ulimi wa kifungo kwa mkono mmoja, akauvuta. Mkanda ukaanguka sakafuni kwa kishindo kilichotushtua wote.

"Huu hauvaliwi ili ukae," akasema. "Unavaliwa mwisho, juu ya vyote, ili uwe wa kwanza kufunguka. Mkono wowote. Mtu akizidiwa, anauachia, anapanda."

Mama akauokota. Akauvuta ulimi, akaurudisha, akauvuta. Kisha akainama, akachovya mikono yote miwili kwenye ndoo hadi viwiko, akaujaribu ikiwa imelowa. Vidole vikateleza. Akakunja uso.

"Una mwingine?"

Clemens alikuwa nao mwingine, wa kifungo cha chuma, mpana zaidi. Mama akachovya mikono upya. Akaufungua kwa wa kulia. Akaufungua kwa wa kushoto. Akafumba macho, akaufungua.

"Huu," akasema.

Alimwita Aron, ambaye bado alikuwa ndani ya suti ile iliyombana. Akamfunga mkanda yeye mwenyewe, akaukaza, akaupapasa mzunguko mzima kama alivyokuwa akitupapasa kola kabla ya ibada. Akaisogeza ndoo kwa mguu.

"Chovya mikono."

Aron akachovya.

"Fungua."

Mkanda ukaanguka. Mama akamfunga tena. "Kwa kushoto." Ukaanguka. Akamfunga tena. Mara ya tatu Aron aliudaka kabla haujafika chini, usije ukakwaruzika, maana ulikuwa mpya na mama ndiye analipa. Mama akamshika kifundo cha mkono.

"Nani amekuambia udake?"

"Utaharibika, Mama."

"Uharibike." Akaupokonya mkanda, akauangusha. "Sikiliza, mwanangu. Baba yako alikuwa mtu wa kutunza vitu, hasa nilivyompa mimi. Huko chini, kitu chochote kikikushika, usikumbuke nani amekinunua. Achia. Mkanda, suti, vyote. Yeye nilimwambia asivue. Wewe nakuambia vua."

Akamfunga mkanda mara ya nne, akakipitia kifungo kwa kidole gumba, akarudi nyuma hatua moja. Aron akainama, akachovya mikono kwenye ndoo.