Sauti ya Mkuu wa Shule

Itangazwe kwa wazazi, walezi, walimu, wapishi na kunguru wote wa paa la bwalo kwamba Siku ya Wazazi ya mwaka huo, kwa mara ya kwanza tangu shule ijengwe, hotuba ya mkuu wa shule ilikuwa isikike mpaka safu ya mwisho. Ilisikika mpaka safu ya tatu, na hao wa safu ya tatu walikuwa wameweka viganja nyuma ya masikio.

Aliyehusika alikuwa msichana wa kidato cha tatu, ambaye bweni zima lilimwita Kiroboto kwa sababu akishakuuma humwoni tena. Kiroboto alikuwa na kinyongo na mkuu wa shule. Wiki moja kabla ya siku hiyo mzee yule alimsimamisha mbele ya shule nzima, akamsomea makosa yake moja baada ya jingine kwa sauti ya kutikisa madirisha. Usiku ule Kiroboto aliwaapia wenzake bwenini: Siku ya Wazazi sauti hiyo itakuwa ya mbu.

Tatizo ni kwamba fundi wa muziki wa siku hiyo alikuwa mjomba wake mwenyewe, na aliyempigia debe shuleni alikuwa yeye Kiroboto.

Mjomba alikuwa akihangaika na harusi za uchochoroni. Shughuli hii ilikuwa jaribio lake: akifanya vizuri, angekuwa fundi wa shule kwa sherehe zote za mwaka. Akavuta spika zake mbili kubwa, zile anazozifunika shuka kuliko anavyojifunika mwenyewe, akazisimamisha pande mbili za jukwaa. Nyuma ya pazia akapanga amplifaya mbili. Ile kubwa ilikuwa ya spika za bwaloni. Ile ndogo, ya wati mia tu, ilikuwa ya spika moja ya tarumbeta iliyofungwa getini kukaribisha wageni.

"Mjomba, kwa nini usitumie ndogo humu ndani? Umeme wenyewe wa kubahatisha."

"Mpwa wangu, bwalo tupu lisikudanganye. Watu wakijaa, nguo zao zinakunywa sauti. Spika hizi ni za wati mia nne kila moja. Lazima anayezisukuma awe na kifua, asihemeheme njiani."

Alikuwa na desturi yake. Alimweka Kiroboto jukwaani asome kitabu chochote kwenye kipaza sauti, yeye akaenda kuegemea ukuta wa nyuma kabisa, macho yamefumbwa. Kila herufi ilipomfikia ikiwa nzima, alinyanyua kidole gumba. Kiroboto hakuwahi kumwona akifurahi hivyo.

Wazazi walipokuwa uwanjani wakinywa chai, Kiroboto akajipenyeza nyuma ya pazia. Alichomoa waya za spika kubwa, akazichomeka kwenye amplifaya ndogo. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: nguvu ndogo, sauti ndogo, hasara hakuna. Punda hajeruhiwi na mzigo mwepesi, alijiambia, akajiona msomi.

Mkuu wa shule akapanda jukwaani na suti ya rangi ya maziwa yaliyokaa. Akafungua mdomo. Kikatoka kitu kama mtu anayeongea ndani ya sufuria iliyofunikwa. Safu za nyuma zikaanza kucheka, bweni zima la Kiroboto likimtazama kwa heshima kuu.

"Fundi! Ongeza!" mkuu wa shule akaamuru.

Mjomba, aliyekuwa na mitambo ya kuchanganyia sauti kule nyuma, akaongeza. Akakunja uso. Akaanza kupita pembeni kwenda jukwaani kuangalia kulikoni.

"Wewe! Unakwenda wapi? Usinipitie mbele ya wageni nikizungumza! Rudi ukaongeze!"

Mjomba akarudi. Akaongeza mpaka mwisho. Sauti ikaja sasa, lakini imechanika, kama inapita juu ya changarawe. Hotuba ikafuatwa na kwaya na kinanda chake, na mkuu wa shule akawa bado anapunga mkono: ongeza, ongeza. Katikati ya ubeti wa pili sauti nyembamba zikakatika, upande wa kushoto, kisha wa kulia. Ikabaki miguno tu. Halafu ikaja harufu ya plastiki iliyoungua, ikawafikia wageni wote bila kuchagua safu.

Kiroboto akaacha kucheka.

Wageni walipoondoka, mkuu wa shule alisema maneno yake mbele ya walimu. "Vifaa vyako ni vibovu, bwana. Tutatafuta mtu mwingine." Mjomba akajibu, "Ni kosa langu, mkuu. Amplifaya yangu imenisaliti. Naomba radhi." Akainamisha kichwa kama mwanafunzi.

Sasa alikuwa amechuchumaa bwaloni, bisibisi mkononi, spika moja imelala chali. Akaonyesha koili, waya mwembamba uliozungushwa ambao hutoa sauti nyembamba, nyeusi tii.

"Imeungua. Na ile ya pili hivyo hivyo. Amplifaya ile kubwa ndiyo imefanya hivi, basi. Nimeipima mwenyewe, nimeiamini miaka yote. Kesho nitaiuza kwa wanaonunua vyuma chakavu."

"Usiiuze, mjomba!" Kiroboto akaropoka. "Lakini wati mia zinaunguzaje spika ya mia nne?"

Bisibisi ikasimama.

"Nani kataja wati mia? Mimi nimesema ile kubwa."

Jicho la Kiroboto likakimbilia pazia.

Mjomba akaenda nyuma ya pazia. Akakaa huko muda mrefu kuliko inavyohitajika kuona waya mbili. Aliporudi hakupandisha sauti.

"Amplifaya ndogo ni mnyonge: ukimlazimisha kupiga kelele anakwaruza, na makwaruzo ndiyo yanayochoma koili. Ungeniuliza tu."

"Nitakwenda kwa mkuu wa shule, mjomba. Sasa hivi. Nitamwambia."

"Umwambie nini? Nimeshamwambia ni mimi. Atasema fundi anamtuma mpwa wake kumtetea."

Akaanza kufunika spika kwa shuka, polepole, kama anafunika mgonjwa. Hakumwangalia.

"Ni mimi," Kiroboto akasema, ingawa hakuna aliyekuwa akiuliza tena. "Nilichomoa nikachomeka, wakati wa chai. Nilikuwa nacheka, mjomba. Ulipokuwa unaongeza, mimi nilikuwa nacheka."