Mwisho wa Picha ya Stesheni

Jailos aliingia mgahawani kwa Ikupa akiwa na tope mpaka magotini, shati limemganda mgongoni, sauti imebaki robo. Lori la sinema lilikuwa limenasa Chimala tangu asubuhi, na yeye, mkalimani, mtu wa kipaza sauti, alisukuma sawa na utingo. Miaka kumi na miwili alikuwa akizunguka na lori hilo kati ya Iringa na Mbeya, akisimama kando ya shuka jeupe na kuwaambia watu kwa Kiswahili yale wanayosema Wazungu wa kwenye picha. Alikuwa amechoka. Uchovu wa barabara mtu anaulaani, analala, unakwisha. Huu wake ulikuwa wa kubeba maneno ya watu wengine mdomoni. Njiani kila aliyemwona alikuwa na neno la kumtwika: salamu za Idodi zifike Mbalizi, msiba wa Mbalizi ufike Madibira, na yeye hakujua kukataa.

"Ndaga, shemeji," Ikupa alimpokea. "Sogea motoni. Wenzio hawa wanagombana tangu saa nane, wamenimalizia chai."

Alimwita shemeji kwa haki. Jailos ndiye aliyesimamia ndoa yake na Andendekisye katika kanisa la Moravian, kabla Andendekisye hajaenda Joni kuchimba dhahabu ya Makaburu. Hiyo ilikuwa mwaka wa hamsini na moja. Sasa ilikuwa Machi ya hamsini na sita, na katika miaka yote hiyo zilikuja barua mbili, kisha kimya. Shati la Andendekisye bado lilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa jiko. Ikupa alilifua kila mwezi, eti lisiliwe na nondo.

Wagombanaji walikuwa wawili. Mmoja ni Abrahamu, karani wa idara ya barabara, mwembamba, mwenye daftari la jalada jeusi ambalo halikumtoka kwapani. Wa pili ni Didas, mwalimu, Mhehe wa Iringa aliyehamishiwa Mbeya mwishoni mwa mwezi wa kwanza na ambaye alikuwa hajaizoea baridi wala ubishi wa huku.

"Andika," Didas alikuwa akisema. "Picha ya Stesheni ni picha ya giza. Andika tumalize."

"Siandiki," Abrahamu alijibu, akaifunika kalamu yake ya wino.

Picha za giza ni jina walilolibuni wapenda picha wa mgahawani wenyewe, kabla Didas hajahamia, hakuna aliyewafundisha. Walimaanisha zile picha za wanaume wenye makoti marefu, za mvua isiyokatika, za taa inayopenya vipande vya pazia na kumchora mtu mistari usoni, ambazo mwishowe hakuna anayefika kwake salama. Ilianza kama mzaha, lakini wapenda picha wakiachiwa mzaha wanaugeuza katiba. Picha haikuingia kwenye daftari mpaka wote wakubali, na kwa miaka mitatu zilikuwa zimeingia kumi na moja tu, maana Abrahamu alikuwa mgumu kuliko mzee wa kanisa anayempima mtu wa kubatizwa.

"Ile ya kauboi nayo mliikataa?" Jailos aliuliza kwa adabu tu, huku akinyoosha miguu.

"Tuliikataa," Abrahamu alisema. "Mvua ilikuwepo, usiku ulikuwepo, na mtu alipigwa risasi ya mgongo na ndugu yake wa kuzaliwa naye. Lakini farasi, Bwana Jailos!"

"Farasi ana kosa gani?" Didas alidakia.

"Kwenye picha ya giza mtu hana pa kukimbilia. Mwenye farasi anapanda, anakwenda zake."

Hata Ikupa alicheka, na Ikupa siku hizo hakuwa mwepesi wa kucheka. Alikuwa mgahawani peke yake tangu alfajiri, kama kila siku, akipasua kuni, akikanda maandazi, akichota maji. Mtu aliyetaka kumpunguzia mzigo huo alikuwepo. Danieli, seremala wa Mbalizi, mgane mpole mwenye watoto wawili, alikuwa amemposa tangu Krismasi. Wazee wa kanisa walikwisha kusema kwamba mwanamke aliyeachwa miaka mitano bila matunzo akiolewa tena haambiwi ana dhambi. Danieli aliomba ajibiwe kabla ya Pasaka, basi. Jailos aliyajua hayo yote.

"Wewe, Bwana Karani, unatazama makoti na mvua," Didas aliendelea. "Hizo ni nguo za picha, siyo picha yenyewe. Mimi nasema hivi: picha ya giza ni pale mtu anapoponzwa na yule anayemtakia mema. Hata kama ni mchana kweupe, jua linawaka, watoto wanacheza mpira."

Abrahamu alifikiri. Alikuwa mbishi, lakini mbishi wa haki.

"Hilo nakukubalia, Mwalimu. Lakini na mwisho nao una kanuni yake. Picha ya giza haiachi ahadi. Ukiinuka pale ulipokaa na bado una chembe ya tumaini, hukutazama picha ya giza, umetazama picha nyingine."

"Sawasawa! Ndiyo maana nasema Picha ya Stesheni imo."

"Imo wapi, na yule jamaa anamwambia mwenzake pale dirisha la treni, nisubiri, nitarudi?"

Didas aliweka kikombe chini. "Nani kasema hivyo? Anamwambia, usinisubiri."

"Nisubiri."

"Usinisubiri, bwana! Nilikuwepo Iringa, Desemba, nimekaa kwenye gogo hatua kumi kutoka kwenye shuka."

"Na mimi nilikuwepo hapa Mbeya, Januari, mbele kabisa, na huyu mama alikuwa kando yangu. Muulize."

"Alisema nisubiri," Ikupa alijibu kutoka jikoni. Alitokeza akijifuta mikono kwa kanga. "Nakumbuka sana. Yule mama akabaki amesimama na kitambaa chake, na mimi nikalia. Nisubiri, nitarudi. Ndivyo alivyosema."

Wanaume wawili walitazamana, kisha kwa pamoja wakamgeukia Jailos. Picha ni ile ile, shuka ni lile lile, na aliyetafsiri Iringa ndiye aliyetafsiri Mbeya. Kiingereza chenyewe hakuna aliyekisikia, kwa sababu mkalimani akianza kusema, sauti ya picha inapunguzwa na mtambo wa umeme unanguruma nyuma ya lori.

"Mwenye picha huyu hapa," Abrahamu alisema kwa furaha, akaifunua kalamu. "Kesho unatuonyesha tena. Tuambie leo, tusikeshe."

Jailos alitazama chai yake. Angeweza kusema amesahau. Picha ni nyingi, umri nao umekwenda, nani angembishia? Lakini alikuwa ameshalisema lile neno la uongo mara moja, na kwa miezi miwili lilikuwa likimwamsha usingizini. Hakuwa na nguvu ya kuliongezea la pili.

Siku ile ya Januari, saa saba mchana, lori lilisimama Mbalizi kutia maji kwenye rejeta. Mtu mmoja alimjia, Sedekia, ametoka Joni wiki ile, ana koti jipya na kifua kinachokohoa. Alimvuta kando akampa ujumbe wa Andendekisye kwa Ikupa. Ulikuwa mfupi. Jailos aliubeba kama alivyobeba salamu nyingine zote, ila huu haukutaka kukaa popote. Alifika Mbeya nao, akala nao, akafunga shuka nao. Alijiambia atamwambia baada ya picha. Picha ikafika mwisho, treni ikapiga king'ora, yule Mzungu akainama dirishani akasema maneno yake, na maneno yake yalikuwa yale yale ya ujumbe. Mbele kabisa, kwenye mwanga wa shuka, Ikupa alikuwa ameinua uso, kanga ameishika kidevuni kwa mikono miwili. Mdomo wa Jailos ulikataa. Ulitamka neno jingine, ukatangaza kwa kipaza sauti mbele ya watu mia tatu. Na baada ya picha hakumwambia kitu. Aliona jinsi alivyokuwa anajifuta machozi huku anatabasamu, akaona aibu, akapanda lori.

"Mwalimu ndiye mwenye haki," Jailos alisema. "Alisema usinisubiri."

"Si nilikwambia!" Didas alipiga meza.

"Sasa kwa nini hapa ulisema nisubiri?" Abrahamu aliuliza. Hakuwa amekasirika, alikuwa mtu anayetaka daftari lake likae sawa. "Bwana Jailos, miaka yote tunabishana juu ya maneno yako. Kwa nini ulibadilisha?"

Jailos aliinua macho kutoka kwenye chai. Alikuwa anamtazama Ikupa. Ikupa alikuwa ameacha kujifuta mikono. Kanga ilibaki imekunjwa kwenye vidole vyake, na uso wake ulikuwa unahesabu jambo polepole, kama mtu anayerudi nyuma njiani akitafuta alipodondosha kitu.

"Shemeji," alisema, "ulinitazama. Siku ile, uliposema, ulikuwa unanitazama mimi."

"Ndiyo."

"Kuna neno limetoka Joni."

"Ndiyo, shemeji."

Didas alianza kuinuka, lakini Abrahamu akamshika mkono, akaketi tena. Wote wawili waliangalia meza.

"Liseme," Ikupa alisema. "Lakini safari hii usitafsiri. Usinipambie. Sema kama alivyosema yeye."

Basi Jailos akasema kwa Kinyakyusa, kama Sedekia alivyomwambia, bila kuongeza wala kupunguza. Kwamba Andendekisye yu mzima. Kwamba ana nyumba kule, na mwanamke, na watoto wawili. Kwamba cherehani ni ya Ikupa na mbuzi pia ni wake, ndugu wasimsumbue. Kwamba asimsubiri. Alipomaliza alisikia kifua kimekuwa chepesi, na akajichukia kwa wepesi huo. Kisha akaona njia ya kutokea, akaishika kwa haraka.

"Nimekosa, shemeji. Ningekwambia siku ile ile. Lakini hakijaharibika kitu. Danieli alisema Pasaka, na Pasaka bado wiki mbili. Kesho asubuhi nitakwenda mwenyewe Mbalizi, nizungumze naye."

Ikupa alitikisa kichwa.

"Danieli alikuja kesho yake," alisema. "Kesho yake baada ya picha. Alikaa hapo ulipokaa wewe. Nilikuwa nimepanga kumkubali, shemeji. Wiki nzima nilikuwa nimepanga. Lakini nililala na yale maneno, nikaona labda Mungu anasema nami kwa mdomo wako. Nikamwambia asije tena, mume wangu anarudi."

"Ataelewa. Ni mtu mwema."

"Ni mtu mwema. Jumapili iliyopita ametangazwa kanisani, yeye na Lea wa mzee Bartholomeo. Mimi mwenyewe nimeagizwa maandazi ya harusi."

Hakulia. Ingekuwa afadhali alie, angalau watu wangejua la kufanya. Moto ulikuwa unafifia, na nje mvua ya mlima Loleza ilikuwa inashuka tena juu ya mabati. Abrahamu alifunga daftari lake bila kuandika, akalirudisha kwapani. Didas alitazama kikombe chake kitupu. Kanuni yake aliyoitamka kwa kelele robo saa iliyopita ilikuwa imekaa pale mezani, na hakuna aliyetaka kuigusa.

"Nisamehe," Jailos alisema. Sauti yake ilikuwa imekwisha kabisa, ilitoka kama pumzi tu. "Nilikuonea huruma."

"Najua."

Ikupa aliingia jikoni. Walisikia akichochea moto, wakasikia sufuria ikiwekwa chini. Alipotoka alikuwa ameshika lile shati la kwenye msumari, limepigwa pasi, kola imesimama. Akamwekea Jailos magotini, juu ya tope.

"Umelowa," alisema. "Vaa hili, utapata homa, na kesho una kazi ya kusema."

Jailos alitaka kukataa, lakini alikuwa anatetemeka. Alivua lake mbele yao wote, mzee mwenye mbavu za kuhesabika, akavaa shati la Andendekisye. Lilikuwa kavu, linanukia sabuni, na lilimtosha.