Buluu ni Buluu

Zain alikuwa muuza vioo mjini Morogoro, na kwa maneno hakuwa na mpinzani. Nyumbani kwake Bigwa alibomoa ukuta wa chumba cha mama yake upande wa sebuleni akaweka kioo cha ajabu. Ukibonyeza swichi, umeme kidogo unapita na kioo chote kinageuka buluu nzito, huoni ndani. Ukibonyeza tena, buluu inatoka polepole, ikianzia pembeni.

Wala hazikuwa mbwembwe tupu. Bi Sherbanu, mama yake, alikuwa na kisukari cha kumwangusha ghafla, na daktari alisema asiachwe bila kuonekana. Mama akagoma kutazamwa kutwa kama mfungwa wa Kingolwira. Wakakubaliana: kioo kiwe wazi mchana kutwa, ila saa za swala akigeuze buluu mwenyewe, na kikiwa buluu mtu asimwingilie. Zain akamwapia.

Alasiri moja alikuja Gervas, mzee aliyekuwa akijenga hoteli. Bi Sherbanu alikuwa ndiyo kwanza amebonyeza swichi yake ya ndani. Mawingu yalikuwa yameshuka kutoka Uluguru, na mara umeme ukakatika.

"Umeona, mzee wangu?" Zain alichangamka. "Umeme hakuna, rangi haijabanduka! Hiki umeme kinautaka wakati wa kubadilika tu."

Baada ya muda Witness, dada wa kazi, akaja na kikombe cha uji.

"Kaka Zain, Mama hajatoka. Leo amezidi."

"Kashamaliza. Kioo hakifunguki bila umeme, basi amekaa na tasbihi yake."

"Si angefungua mlango? Niingie mara moja."

"Witness, buluu ni buluu."

Alimkaripia kwa sababu mteja alikuwa anasikiliza. Witness akabaki na kikombe mkononi, hasira zimemjaa.

Kikasikika kishindo chini ya kioo, mara tatu.

"Kuna mtu anagonga," Gervas alisema.

"Anasujudu huyo," Zain alijibu, akacheka. Vikaja viwili, vidogo zaidi. Akapandisha sauti, akaeleza jinsi kioo kinavyozuia jua. Kikaja kimoja, halafu kimya, na Mungu amsamehe, ule ukimya ulimpa nafuu.

Umeme uliporudi, alikimbilia swichi ya nje. "Sasa tazama kinavyofunguka!"

Buluu ikaanza kutoka kwenye kingo. Vidole vilionekana kwanza, vimebanwa kwenye kioo karibu na sakafu. Kisha kiganja, kisha ushungi ulioteleza upande. Mswala ulikuwa mbali nyuma yake, na kati yake na mswala zulia lilikuwa limekunjamana alikojikokota.

Witness alidondosha kikombe, akasukuma mlango, ukafunguka. Haukuwa na komeo. Akapiga magoti, akamshika mama shingoni, kifuani, puani. Hapakuwa na pumzi.

"Bado ana joto, Kaka," alilia. "Bado ana joto!"

Gervas alivua kofia. "Pole sana, kijana wangu. Usingeweza kujua."

Lakini vishindo vyote sita Zain alikuwa amevihesabu.